Perla Wainer na Mwanamume wa Kumi

Kama kuna mtu hapa Tallawa atakayekwambia amewahi kumwona Perla Wainer amekaa tu, mikono mapajani, mtu huyo anajua kutunga. Mama huyu alishona mapazia ya nusu ya mji. Ya benki ni yake, ya hoteli ya kule machimboni ni yake, na lile la kimia linalotenga wanawake na wanaume katika sinagogi letu ni lake pia. Hilo alilishona mara mbili, maana la kwanza Avrum Zaltsman, mtunza sinagogi, alilalamika kwamba linaonyesha mno.

"Linaonyesha nini, mzee?" Perla akamuuliza. "Huku nyuma tumebaki vikongwe watupu. Mnaogopa kutamani nini?"

Hata hivyo akalishona upya, zito zaidi, na malipo hakuchukua.

Alikuja Australia akiwa mtoto mdogo, yeye na shangazi yake na kikapu kimoja, kutoka mji wa Poland ambao hakupenda kuutaja, na sisi hatukumchokonoa. Akakua, akaolewa na Lazer Wainer mwuza vitambaa, mtu mpole ambaye ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Lazer akafa mapema kwa moyo. Perla akabaki na duka, cherehani, na mtoto mmoja wa kiume, Ruven.

Ruven alikuwa kijana mzuri wa sura, mchapakazi, mwenye kumpenda mama yake. Lakini ulimi alikuwa nao. Tusidanganyane kwa kuwa amekufa. Akikuona umevaa kofia mpya, lazima aseme neno, na neno lenyewe litakaa na wewe wiki nzima. Watu walicheka, na yeye akadhani kuchekesha ni sawa na kupendwa.

Mwaka jana, mkesha wa Mwaka Mpya wetu, alipeleka mapazia hotelini machimboni. Wakati wa kurudi kangaruu akamrukia mbele ya gari, gari likabiringika. Hakuacha mke wala mtoto. Perla alipoletewa habari alikuwa anakanda unga wa mikate ya sikukuu, na waliokuwapo wanasema aliendelea kukanda, akakanda mpaka wakamshika mikono.

Sasa, kwetu sisi maiti ana haki yake. Mwanawe humsomea Kadishi mwaka ule wa msiba, na baadaye kila mwaka siku ile ile aliyofariki. Ni sala fupi, na wala haimtaji marehemu. Ni ya kumsifu Mungu mwanzo hadi mwisho. Ila huisomi peke yako chumbani. Lazima wawepo wanaume kumi wa kuitikia amina. Tisa hawatoshi, hata wawe malaika. Ruven hakuwa na mwana wa kumsomea, baba naye alishatangulia, kwa hiyo Perla akasema atamsomea yeye mwenyewe, nyuma ya pazia lake. Avrum akazikuna ndevu siku kadhaa, akapekua vitabu vyake, mwisho akasema haya, msomee.

Akamsomea. Sabato baada ya Sabato tulisikia sauti yake nyuma ya kimia, kavu, haina kilio, kama mtu anayesoma vipimo vya dirisha. Halafu Pasaka ikaja, na mzee Pinkus, ambaye ndiye alikuwa wa kumi wetu, akafa usingizini. Tukabaki tisa.

Kwetu watu hawahesabiwi kwa namba, ni mkosi. Avrum huchukua aya yenye maneno kumi na kumgawia kila mwanamume neno lake. Tangu Pasaka, kila Sabato alipita na aya yake kutoka benchi hadi benchi, akifika mwisho neno moja linambaki mdomoni na hana wa kumpa. Hapo hugeuka kulitazama pazia na kutikisa kichwa. Perla huchukua mkoba wake akaenda jikoni kupanga vikombe. Hakulalamika. Angelalamika ingekuwa afadhali kwetu.

Kisha mwezi wa kutubu ukaingia, ule unaotangulia Mwaka Mpya, na Avrum akasimama baada ya sala kutangaza sikukuu zijazo. Mwaka Mpya chakula cha pamoja, kila mtu alete chake, samaki atapika Perla. Siku ya Upatanisho tutaanza kabla jua halijazama, wanaochelewa wajirekebishe. Sikukuu ya Vibanda kibanda kitajengwa nyuma ya jiko kama kawaida. Akafuta miwani.

"Na baada ya Vibanda tunalifunga sinagogi," akasema. "Halmashauri ya mji imeshalinunua jengo. Torati zetu zinakwenda Adelaide."

Tulikuwa tumelipigia kura wenyewe jambo hilo, na bado tulitazamana kama watu waliofukuzwa.

Perla akapiga hesabu. Siku ya Ruven ya kutimiza mwaka inaangukia mkesha wa Mwaka Mpya, asubuhi. Ni mara ya kwanza, na ndani ya nyumba ile ni mara ya mwisho. Wanaume tisa.

Alipiga simu Adelaide mpaka sikio likawaka moto. Wote walimhurumia, wote walikuwa na wajukuu wanaokuja sikukuu. Mmoja akamwambia, "Mama, njoo wewe huku, sisi tuko tele." Perla akamjibu, "Huko nani anamjua mwanangu? Mtamwitikia amina kama mnavyomwitikia karani anayeita majina." Akakata simu. Alikwenda hata kwa mwanafunzi mmoja anayefanya kazi ya kupima miamba machimboni, ambaye jina lake lilisikika la Kiyahudi. Kijana akamwambia kwa adabu kwamba babu yake alikuwa Mjerumani Mlutheri, akamkaribisha chai.

Akabaki mmoja tu. Na huyo, Mungu atusamehe, ni Heshel Korn.

Heshel alikuwa mchimbaji wa zamani, mjane, mfuga nyuki nje ya mji kwenye barabara ya machimbo. Miaka na miaka ndiye aliyetuongoza sala ya kumalizia, ile ya jioni ya Siku ya Upatanisho, watu wamefunga tangu jana na wana njaa, miguu haina nguvu, na milango ya mbinguni ndiyo inafungwa. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo kwa mtu asiye rabi. Lakini vumbi la machimbo lilimla koo. Kila mwaka sauti ilizidi kukwaruza, na kila mwaka tulijifanya hatusikii. Miaka mitatu kabla ya ajali yake, Ruven alikuwa ndiyo kwanza kachaguliwa mwenyekiti wa sinagogi. Heshel akapanda mbele, akakohoa, akaanza, akakwama. Akaanza tena. Ruven akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzee Heshel, keti tu upumzike. Milango inafungwa, na wewe bado unatafuta ufunguo kooni."

Tukacheka. Tulikuwa na njaa, tumechoka, kicheko kikatuponyoka. Heshel akaivua shali yake ya sala, akaikunja pembe kwa pembe, akatembea hadi mlangoni na kugeuka.

"Naapa kwa Torati iliyomo humu," akasema, "mguu wangu hautavuka kizingiti hiki tena."

Mtu mwingine angeapa vile, na wiki ya pili ungemkuta anagombania benchi lake. Siyo Heshel. Huyu alikuwa amewahi kuapa kwa hasira kwamba hatakula samaki wa nyumbani kwa Avrum, na siku ya harusi ya binti Avrum akakaa meza kuu na kipande cha mkate mkavu, samaki yuko mbele yake anamtazama. Alipokula yamini ya sinagogi tulijua tumeshampoteza. Kila Mwaka Mpya aliendelea kutuletea asali ya kuchovya matofaa, lakini mitungi aliiweka kwenye ngazi ya chini kabisa na kuondoka bila kubisha hodi. Ruven alipoulizwa kama hatakwenda kumwomba radhi, alisema, "Nimuombe radhi kwa kuwa ana kikohozi?"

Siku moja kabla ya mkesha, mchana, Perla akafunga duka, akaendesha gari hadi kwa Heshel. Alimkuta kati ya mizinga, wavu usoni, kopo la moshi mkononi.

"Shikamoo, Bwana Heshel."

"Marahaba. Asali nitaleta jioni. Hukuwa na haja ya kuja."

"Sikuja kwa asali."

"Najua kilichokuleta, Perla. Avrum alishakuja, nikamrudisha. Usijisumbue bure, jua kali hili."

"Ni asubuhi moja tu. Kesho. Uingie, usimame nyuma kabisa, useme amina, utoke."

"Nimeapa."

"Viapo vinafunguliwa! Kesho hiyo hiyo ndiyo siku yake. Watu wote watasimama mbele ya wazee watatu, kama mbele ya mahakama, wafunguliwe. Na wewe simama."

Heshel akauvua wavu. Uso ulikuwa umekonda kuliko Perla alivyoukumbuka. "Wanaofunguliwa vile ni wale walioapa kuacha sigara," akasema. "Kiapo kama changu sharti nikitaje chenyewe, na wataniuliza, je, unajuta? Je, kuna jambo ambalo ungelijua siku ile usingeapa? Niwaambie nini? Sijuti. Hata leo ningeapa vile vile. Unataka nikaseme uongo mbele ya watatu, mkesha wa Mwaka Mpya, siku Mungu anapotuhukumu?"

"Nataka mwanangu aitikiwe amina."

"Mwanao hakuja, Perla. Miaka mitatu ilipita. Kila mwezi wa kutubu nilikaa kwenye kibaraza hiki nikasema, leo atakuja. Chai ilipoa, nikaimwaga. Kama angekuja mara moja tu, asimame pale langoni hata bila kufungua mdomo, ningekuwa wa kwanza kulibeba jeneza lake."

Maji yalishamfika Perla shingoni. Sijui tumlaumu vipi. Mtu anayezama hashiki anachokichagua.

"Alikuwa anakuja," akasema.

"Nani?"

"Ruven. Siku ile. Alipoondoka asubuhi aliniambia akirudi kutoka hotelini atapita kwako kukuomba radhi kabla Mwaka haujaingia. Unafikiri barabara hii alikuwa anatafuta nini?"

Nyuki walikuwa wakivuma kote. Heshel alimtazama, akamtazama, mpaka Perla akainamisha macho kwenye viatu vyake. Hakuna barabara nyingine. Ukitoka machimboni kwenda mjini utapita kwa Heshel upende usipende. Na Ruven asubuhi ile hakusema neno lolote la Heshel. Alilalamikia tu bei ya fimbo za mapazia.

"Hukuniambia mwaka mzima," Heshel akasema.

"Nilikuwa na hasira na wewe."

Akavaa wavu wake tena. "Nenda nyumbani, una samaki wa kupika."

Basi asubuhi ya mkesha tulikuwa tumeshakaa, Avrum ameshapita na aya yake na neno limembaki kama kawaida, tukasikia gari. Heshel Korn alisimama nje, chini ya ngazi, kavaa suti yake nyeusi, shali kwapani. Nisan mwuza dawa, aliyekuwa karibu na dirisha, akasema polepole, "Jamani."

Kitabu kinaagiza viapo vifunguliwe baada ya sala, lakini Avrum hakutaka kusikia habari ya kitabu. Akawashika Nisan na mfuga kondoo mmoja anayeitwa Tsvi, wakatoa viti vitatu hadi kibarazani, wakaketi kama mahakama. Heshel akapanda ngazi, akasimama mbele yao upande wa nje wa kizingiti. Wengine tukasongamana mlangoni. Perla alitoka nyuma ya pazia lake, akasimama ukutani. Mikono akaificha ndani ya mikunjo ya sketi.

Heshel akakitaja kiapo chake, neno kwa neno, kama alivyokitamka. Avrum akamuuliza:

"Je, unajuta?"

"Najuta."

"Kuna jambo ambalo ungelijua siku ile usingeapa?"

"Kama ningejua kwamba kijana yule siku moja atakuja kuniomba radhi, nisingeapa. Mama yake ameniambia alikuwa njiani kuja kwangu."

Tukageuka wote kumtazama Perla. Kweli sijawahi kuona mtu amepauka vile. Avrum, mzee wa watu, alikuwa na machozi tayari.

"Mama Ruven, ndivyo ilivyokuwa?"

Pale pale angeweza kusema hapana. Kiapo kilichofunguliwa kwa uongo hakijafunguliwa, hata mtoto wa madarasa yetu anajua. Heshel ataingia akidhani yuko huru, na kumbe anavunja yamini yake, mtu ambaye hajapata kuvunja hata ya samaki. Perla alilijua hilo lote. Ndani, mbele ya sanduku la Torati, taa ya kumbukumbu aliyomwashia Ruven ilikuwa inawaka tangu jana jioni.

"Ndivyo," akasema.

"Umefunguliwa," wakasema wale watatu. "Umefunguliwa, umefunguliwa."

Heshel akavuka kizingiti. Aliweka mguu wa kulia, akasita kidogo, akauleta wa kushoto. Hakuna aliyempigia makofi wala kumkumbatia, maana ungemwona ungeogopa. Akaenda benchi la nyuma kabisa, akajifunika shali kichwani. Avrum akahesabu upya, na neno la kumi likapata mwenyewe.

Perla akasoma Kadishi. Safari hii sauti haikuwa kavu. Ilimkatika mara mbili, akaiokota, akaendelea, na kila alipofika penye amina tuliitikia kwa nguvu zote, tuliomcheka Heshel na tuliomwogopa Ruven, wote. Lakini iliyosikika zaidi ilikuwa moja, ya nyuma kabisa, imekwaruza kama bawaba mbovu. Baadhi yetu tulilia. Tulidhani tunashuhudia jambo jema.

Sala ilipokwisha Heshel hakungoja salamu. Perla akamkimbilia nje, na mkoba hakuuchukua. Alimkuta anafungua mlango wa gari.

"Bwana Heshel, ngoja. Kuna neno. Nimekufanyia ubaya mkubwa."

"Wacha."

"Siwezi kuacha. Ruven hakuwa..."

"Nilimwona," Heshel akasema.

Perla akasimama.

"Siku ile nilikuwa kibarazani na chai yangu. Alipita akienda, gari limejaa mapazia. Alipofika langoni kwangu akapiga honi. Alikuwa na mtindo huo, kila akipita, honi tatu, halafu anakohoa dirishani, kwa sauti, nimsikie. Mchana akapita tena akirudi. Akapiga honi, akakohoa, akapita moja kwa moja. Gari lilipinduka baada ya lango langu, Perla, kwenye kona ya kwenda mjini. Hakuwa anakuja kwangu. Alikuwa ameshanipita."

Alisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Perla akashika mlango wa gari. Mwaka mzima alikuwa akijiuliza mwanawe alifanya nini dakika zake za mwisho, na sasa ameambiwa.

"Ulijua," akasema. "Umesimama mbele ya watatu, ukajua."

"Nilijua."

"Kwa nini, basi? Wewe, Heshel?"

Heshel akatazama mbali, kwenye vumbi la barabara. "Mke wangu Bluma alipofariki ni nyinyi wanawake mliomwosha. Ulipotoka uliniambia nywele zake umezichana na kuzisuka. Hakuna aliyekuomba umsuke." Akaingia garini. "Nimekulipa. Sikumsamehe kijana wako, usije ukajidanganya. Na wale wazee watatu hawakunifungua chochote, tunajua sote wawili. Nimeingia na kiapo changu shingoni."

Akawasha gari. Perla hakutoa mkono wake mlangoni. Jioni ile Mwaka Mpya ulikuwa unaingia. Samaki walikuwa jikoni tayari, mikate ya mviringo imefunikwa vitambaa, na kesho yake Avrum angepita tena na ile aya yake, mara ya mwisho au ya karibu na mwisho.

"Kesho utakuja?" akamuuliza. Alijua ni swali la kijinga, lakini lilimtoka.

Heshel akamtoa vidole mlangoni, kimoja kimoja, taratibu, kama anavyowatoa nyuki.

"Siwezi, mama," akasema. "Nimeapa."